Kumtambua Fundi Mzuri wa Hedifoni, Kisii na Nyamira

Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati ya Kisii mjini, mchezaji wa gemu aliyevaa hedifoni hufanya lile la kwanza linalomjia: huongeza sauti. Ikifika mwisho na watangazaji wa mechi bado wanasikika kwa mbali, huchomoa pini, huipuliza, huifuta kwa shati na kuirudisha. Ikikataa, kesho yake hedifoni iko mikononi mwa fundi.

Mafundi hawakosekani. Wapo wa vibanda vya simu katikati ya mji, wa pembeni mwa soko la Daraja Mbili, wa Suneka na Ogembo. Upande wa Nyamira wapo mjini penyewe, Kebirigo na Nyansiongo, na Keroka, mji uliokaa mpakani, huhudumia kaunti zote mbili. Wengi ni mafundi wa simu, na hedifoni huwafikia kama kazi ya kando, kati ya skrini iliyopasuka na tundu la chaji lililolegea. Kazi yenyewe huonekana ndogo. Ndiyo maana ni rahisi kuiharibu na bado kulipwa, kwa kuwa mteja ana swali moja tu: imepaza au haijapaza?

Kupaza peke yake hakuhitaji ufundi. Upande wa kushoto ukifa kwa sababu waya wake umekatika karibu na pini, mtu anaweza kuufunga pamoja na wa kulia, na pande zote mbili zikavuma. Mteja huondoka akicheka. Akifika nyumbani na kufungua Call of Duty, hugundua kwamba adui anayekanyaga kushoto na anayekanyaga kulia wote wanasikika katikati ya paji la uso. Sauti imerudi, mwelekeo umepotea. Njia nyingine ya mkato ni kung'oa spika ndogo kutoka hedifoni yoyote iliyokufa na kuibandika kwenye hii: upande mmoja unakuwa mzito, mwingine mkali, na mchezaji anaanza kuinamisha kichwa bila kujua kwa nini.

Kwa hiyo anayetaka kuihukumu kazi hii aanze mapema zaidi, kabla chuma cha kulehemia hakijapata moto. Fundi anayeijua huanza kwa maswali na kwa masikio, maana si hedifoni chache zinazoletwa zikilalamikiwa ambazo hazina ubaya wowote.

Swali la kwanza ni la mashine.

"Ulikuwa unachomeka kwa padi ama kwa TV?" fundi humuuliza kijana.

"Kwa padi."

"Padi ya nini?"

"PS4."

"Na kwa simu umeijaribu?"

"Kwa simu iko sawa, bosi."

Hapo fundi mwadilifu huirudisha hedifoni kwa mwenyewe bila kuigusa, kwa sababu mgonjwa amebaki nyumbani.

PS4, iliyoingia sokoni mwaka 2013, ina kiwango cha sauti ya hedifoni kisichohusiana kabisa na rimoti ya TV. Kitufe cha PS kwenye padi kikibanwa kwa sekunde moja hivi, menyu ya haraka hufunguka, na katika sehemu ya sauti na vifaa mna mambo mawili. La kwanza ni kiwango chenyewe. La pili ndilo linalowachanganya wengi: kuchagua kinachotumwa kwenye hedifoni, mazungumzo peke yake au sauti zote. Hedifoni yenye maikrofoni ikichomekwa, mashine inaweza kuwa imekaa kwenye "Chat Audio", yaani sauti za wachezaji wenzake wa mtandaoni tu. Mlio wa gemu huendelea kutoka kwenye TV, na mchezaji husikia mabaki yake yakipenya pembeni mwa sponji. Huapa kwamba hedifoni ni hafifu, kumbe haipokei kitu. Akihamia "All Audio", ugonjwa wa wiki nzima huisha palepale.

PS5, ya mwaka 2020, hubonyezwa kitufe hichohicho mara moja, na safu ya alama hutokea chini ya skrini; alama ya spika ndiyo yenye kiwango cha hedifoni pamoja na mizani kati ya gemu na mazungumzo. Mizani ikielemea upande wa mazungumzo, gemu hufifia hata kama kiwango kimejaa. Xbox nayo ina mizani ya namna hiyo. Mwenye Xbox One ya ex-UK, yaani mtumba kutoka Uingereza, aangalie padi yake: zile za mwanzo, za mwaka 2013, hazina tundu la kawaida la hedifoni la milimita 3.5, zinahitaji kiunganishi cha pembeni chenye vitufe vyake vya sauti. Tundu lilikuja na padi zilizotolewa kuanzia 2015. Mwenye Nintendo Switch atafute kwenye mipangilio chaguo la kupunguza kiwango cha juu cha hedifoni. Mzazi anaweza kuwa ameliwasha na kulifunga, na hilo ni suala la kuzungumzwa na mzazi.

Anayechomeka kwenye TV ana fumbo lake. TV nyingi za kisasa huweka kiwango cha hedifoni mbali na cha spika zake, kwa hiyo namba inayopanda kwenye skrini huenda si ya hedifoni hata kidogo. Kisha kuna gemu yenyewe, ambayo hupanga muziki, watangazaji na milio ya uwanjani kila kimoja peke yake, na mara nyingine hutoa chaguo la kuchanganya sauti kwa ajili ya TV, hedifoni au usiku. Na kabla ya hayo yote kuna kile kigurudumu kidogo kilicho kwenye waya, ambacho hujigeuza mfukoni na hakuna anayekikumbuka.

Fundi anayetoza kwa kurekebisha mpangilio si mwizi, ameuza ujuzi. Wa kuogopwa ni yule anayeurekebisha kimyakimya kisha akatoza bei ya spika mpya. Wa kwanza humwonyesha mteja pa kubonyeza.

Mipangilio ikiwa safi, yafuata masikio. Jaribio jepesi kuliko yote ni kugeuza hedifoni, ya kushoto ikavaliwa kulia. Upande hafifu ukihama pamoja na hedifoni, kosa ni la hedifoni. Ukibaki kwenye sikio lilelile, hedifoni haina hatia: sikio lina nta, au lina jambo la daktari. Ni jaribio la sekunde tano, halihitaji kifaa, na fundi anayelifanya kabla ya kushika bisibisi anastahili kuaminiwa.

Jaribio la pili linawafaa sana wapenzi wa gemu za mpira, iwe FIFA za zamani au EA Sports FC, jina lililochukua nafasi yake mwaka 2023. Mechi ianze, umati uimbe, mtangazaji aanze kusema. Kama kelele za mashabiki zinasikika pande zote lakini Martin Tyler, au Derek Rae katika matoleo ya baadaye, amezama kana kwamba anatangaza kutoka ndani ya kisima, fundi hana haja ya kukisia. Sauti ya mtangazaji hutumwa sawasawa kushoto na kulia. Ya umati hutofautiana upande hadi upande. Nyaya mbili za sauti, wa kushoto na wa kulia, hurudi kwa njia ya waya mmoja wa pamoja ambao mafundi huuita graundi. Graundi ikikatika, spika mbili zinabaki zimefungana mkia kwa mkia, na kinachosikika ni tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Kilicho sawa pande zote mbili hujifuta. Mtangazaji anakufa, umati unabaki. Muziki nao hupoteza mwimbaji na besi, ukabaki mwangwi. Mteja atasema tu kwamba "sauti imeshuka", na fundi asiyelijua hili ataanza kubadilisha spika ambazo ni nzima kabisa.

Hedifoni ikiwa na kitufe cha kupokelea simu, kuna la tatu. Kitufe kibanwe na kushikiliwa. Sauti ikirudi kwa ukamilifu wakati kidole kipo, na kutoweka kidole kikiondoka, basi kosa la njia ya graundi limethibitishwa. Kitufe hicho huunganisha waya wa maikrofoni na graundi, hivyo sauti imepata njia ya kurudi kwa kupitia nyumba ya jirani. Hapo waya mara nyingi ni mzima. Hedifoni huenda ilitengenezwa kwa mpangilio wa zamani, OMTP, ambao graundi na maikrofoni hukaa mahali pa kubadilishana na mpangilio wa CTIA unaotumiwa na padi za PlayStation na Xbox na simu nyingi za sasa. Hiyo hutibiwa kwa kiunganishi kidogo cha kubadilishia njia; graundi iliyokatika, ambayo kitufe hakiiponyi, hutibiwa kwa kulehemu. Mita ndiyo inayoamua.

Pini yenyewe husomeka kwa macho. Yenye pete nyeusi mbili hubeba kushoto, kulia na graundi. Yenye tatu imeongeza maikrofoni. Hedifoni za kompyuta zenye pini mbili, moja ya kusikiliza na nyingine ya kusemea, zinahitaji kiunganishi cha kuzikusanya kuwa pini moja ya pete tatu. Mtu akichomeka moja peke yake kwenye padi, asishangae akikosa maikrofoni. Na pini isiyoingia hadi mwisho, kwa sababu ya kava la padi au uchafu ndani ya tundu, huleta dalili zilezile za graundi iliyokatika. Kisii na Nyamira ni nyanda za juu zenye mvua karibu mwaka mzima, na unyevu haupendani na shaba: pini iliyokaa miezi bila kutumiwa hupata utando wa kijani. Spiriti safi na kitambaa humaliza kazi hiyo. Anayeikwangua kwa wembe anaondoa uchafu pamoja na mchovyo wa chuma uliokuwa ukiizuia isishike kutu tena.

Kuna hedifoni ambazo hazina kasoro, hazijapangwa vibaya, na bado hazipazi. Zinatoka studio. Gusii ni nchi ya kwaya, na penye kwaya kuna studio, na hedifoni za studio hubadilisha mikono zikaishia kwa wacheza gemu. Beyerdynamic DT 770 Pro ya ohm 250 ni chombo kizuri, lakini padi haikuundwa kukisukuma. Hedifoni nyingi za gemu zina ukinzani wa ohm 16 hadi 32. Kwa volti zilezile, hedifoni ya ohm 250 hupata takriban sehemu moja ya nane ya nguvu inayopata ya ohm 32, upungufu wa karibu desibeli 9, na sikio huhesabu desibeli 10 kuwa nusu ya sauti. Wepesi wa spika yenyewe kuitikia nao huongeza au hupunguza. Dawa ni amplifaya ndogo ya hedifoni kati ya padi na pini, na hata hiyo ina gharama yake, kwani amplifaya ya kawaida haina njia ya maikrofoni. Fundi atakayeisoma namba kwenye kikombe cha sikio, akasema "hii haina shida, inataka kusukumwa", amefanya kazi bora kuliko atakayeifungua.

Sasa meza ya kazi. Hapa ndipo mteja anapopaswa kusogea karibu, na fundi asiyetaka kutazamwa aulizwe sababu.

Sehemu mbili hukatika kuliko nyingine zote: pale waya unapoingia kwenye pini, na pale unapoingia kwenye kikombe cha sikio. Kabla ya kukata, fundi huweka ncha za mita kwenye pini, moja kwenye ncha na nyingine kwenye sehemu ya graundi, kisha huukunjakunja waya taratibu kuanzia pini kwenda juu huku akitazama namba. Hedifoni ya ohm 32 huonyesha kitu kama 31 au 33, na pande mbili hazitofautiani kwa zaidi ya ohm moja au mbili. Namba ikirukaruka waya unapokunjwa mahali fulani, amepapata. Upande mmoja ukisoma 32 na mwingine 45, kuna kiungo kibovu kinachokula nguvu kabla haijafika kwenye spika. Ndicho chanzo cha ile hedifoni inayosikika lakini chini, upande mmoja. Mita ikigusa, spika nzima hulia "tik" hafifu. Asiye na mita anakisia, na kukisia ni kukata waya wa mteja mahali pasipohusika.

Waya ukishakatwa sentimita tano hivi kutoka kwenye pini iliyokufa, ndani hutokea nyuzi nyembamba za rangi: nyekundu ya kulia, kijani au buluu ya kushoto, na ya rangi ya shaba ambayo ndiyo graundi. Katikati yake mna uzi laini usio wa chuma, wa kuupa waya nguvu. Na hizo rangi si plastiki. Ni vanishi, iliyopakwa kila unywele wa shaba ili nyuzi zisigusane. Vanishi haipitishi umeme. Hili dogo ndilo linalowatenganisha mafundi wa hedifoni na mafundi wa waya wa taa.

Fundi mzuri huondoa uzi wa katikati, husokota nyuzi za rangi moja, kisha hukusanya tone la lehemu kwenye ncha ya chuma na kuuchovya waya humo. Moshi mdogo hutoka, vanishi inaungua, na ule mwekundu taratibu hugeuka fedha. Husubiri mpaka ugeuke wote. Ndipo anapougusisha kwenye pini. Asiyejua hubandika waya mwekundu na wekundu wake. Lehemu inaukumbatia lakini haijaushika, na umeme unapita kwa vijisehemu vichache vilivyokwaruzika. Hedifoni hiyo italia vizuri kibandani. Itaanza kufifia kabla ya mwezi kwisha. Mteja anayetaka kujua alipopelekwa atazame jambo moja tu: waya ulibadilika rangi kabla ya kuunganishwa, au haukubadilika?

Kiungo kizuri ni laini, kimetanda kwenye chuma na kuteremka pembeni polepole. Kibaya kimekaa kama kidonge juu ya meza. Mng'ao husaidia kuhukumu ila si ushahidi kamili: lehemu ya bati asilimia 63 na risasi asilimia 37, inayoyeyuka kwa nyuzi 183, hung'aa inapokuwa sawa, lakini isiyo na risasi hufifia kidogo hata ikiwa imefanywa vyema. Chembechembe na nyufa ndizo za kuogopa, dalili kwamba waya ulitikisika kabla lehemu haijaganda.

Kisha hifadhi. Ndani ya pini mpya mna vidole vya chuma vya kuubana waya kwenye ganda lake la nje, ili mtu akivuta, mvuto uishie kwenye ganda usifike kwenye viungo. Fundi huvibana kwa koleo. Juu yake huvuta mpira unaonywea kwa joto, na aliyeusahau kuuvisha kabla ya kulehemu inambidi afungue tena, jambo ambalo wengi hukwepa kwa kuzungusha tepu. Tepu si dhambi. Supaglu ndiyo dhambi. Hugeuza sehemu ya mwisho ya waya kuwa kijiti, na waya hukatika upya palepale ugumu unapoishia.

Kazi imeisha, hedifoni inavuma, na mteja anatabasamu. Bado asilipe.

Hedifoni iliyofunguliwa spika inaweza kurudishwa ikiwa na upande mmoja uliogeuzwa nyaya, chanya mahali pa hasi. Haionekani kwa macho, na kila upande ukisikilizwa peke yake uko sawa. Zikicheza pamoja, spika moja husukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na sauti nzito hupoteza kitovu. Ili kuligundua, msikilizaji anahitaji sauti nzito anayoijua kwa moyo. Kwa watu wa Gusii ipo karibu: obokano, zeze kubwa la nyuzi nane la Abagusii, lenye bakuli lililowambwa ngozi na nyuzi za chini zinazokoroma. Rekodi yoyote nzuri yake kwenye simu inatosha. Hedifoni iliyofungwa sawa huliweka obokano mahali pamoja, tumbo lake likiwa katikati ya kichwa na mkoromo juu yake. Iliyogeuzwa huacha mkoromo peke yake, umetawanyika kuelekea masikioni, na tumbo halipo. Fundi hubadilisha nyaya mbili, dakika tano, na kazi inakuwa kamili. Asiyetambua kitu chochote katika jaribio hili ana sababu ya kwenda kulisikiliza obokano lenyewe, na hilo nalo si hasara.

Baada ya hapo, sauti ishushwe. Hili huwashangaza wateja waliokuja kulalamikia sauti ya chini, lakini kazi nzuri husikika zaidi ikiwa robo ya kiwango. Pande zote mbili zififie pamoja. Kigurudumu cha bei nafuu huteleza hapo: ndani yake mna njia mbili za kaboni, za kushoto na kulia, na karibu na mwisho mara nyingi hazilingani, hivyo upande mmoja hunyamaza kabla ya mwingine. Kikikwaruza kinapozungushwa, kaboni imechafuka au imelika. Kukiondoa kabisa na kuacha padi idhibiti sauti ni uamuzi unaokubalika, mradi mteja ameulizwa. Mwisho ni hatua: gemu yenye mtu anayetembea, mchezaji asimame na kuzungusha kamera polepole karibu na chanzo cha sauti, moto au maji yanayotiririka. Sauti izunguke kichwa bila kuruka wala kuzama.

Sponji nazo zihesabiwe. Ngozi ya bandia iliyochubuka na sponji iliyolala huacha mwanya kando ya sikio, na kinachovuja kwanza ni besi. Mtu huona sauti imepungua, ilhali spika haijabadilika. Sponji mpya ni nafuu kuliko spika, na fundi anayezipendekeza kwanza anapoteza faida ya leo kwa hiari yake.

Hedifoni ikishinda majaribio yote na ikabaki chini kwenye padi moja tu, mshtakiwa ni tundu la padi. Hapa kifaa muhimu cha fundi ni hedifoni yake mwenyewe ya kupimia, nzima, anayoijua. Kibanda kisichokuwa nayo hakiwezi kusema kwa uhakika kosa liko upande gani. Ndani ya tundu mna nyuzi za nguo na vumbi la mfuko wa shule, na kijiti cha meno cha mti huzitoa bila kukwangua vibano. Vibano vikiwa vimelegea, tundu hubadilishwa. Padi za kuiga hulegea mapema, na kwa baadhi yake tundu jipya ni kutupa fedha.

Turudi kwenye mabati. Mvua inaponyesha, hakuna kilichoharibika: kelele ya paa imefunika sauti za chini za gemu, na sikio linadai zaidi. Fundi akiombwa kuongeza nguvu kwa ajili ya hali hii, jibu sahihi ni kukataa. Shirika la Afya Duniani pamoja na shirika la kimataifa la mawasiliano, katika kiwango walichokitoa kwa ajili ya vifaa vya kusikilizia, huweka kikomo cha mtu mzima kuwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na cha mtoto desibeli 75. Kila desibeli 3 zikiongezwa, muda hugawanywa mara mbili: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Likizo ya Agosti, kijana wa Nyamira anaweza kumaliza saa tano hizo Jumatatu asubuhi. Kinachosaidia ni kuziba, si kupaza: hedifoni iliyofungwa mgongo badala ya ile ya matundu, sponji nzima, au za kuingiza sikioni zenye mpira unaolingana na sikio, maana hupewa saizi tatu ndani ya boksi na wengi hutumia iliyokuja imevishwa.

Yabaki hedifoni za Bluetooth, zinazoletwa kwa malalamiko mawili. La kwanza, kwamba PS4 au PS5 inazikataa, halina fundi: mashine hizo hazipokei hedifoni za kawaida za Bluetooth, na Xbox vilevile. Switch ilianza kuzikubali kwa sasisho la Septemba 2021. La pili ni kwamba zikitumiwa kwa waya sauti inashuka. Baadhi yake zina amplifaya ndani, nayo hulala betri ikizimwa. Zikiwashwa huku waya umechomekwa, hupanda. Muuzaji angepaswa kulisema hili dukani.

Kuhusu kukubali au kukataa kazi: za kuingiza sikioni zilizofungwa kwa gundi kiwandani hazifunguki bila kupasuka, na fundi wa kweli huzikataa. Zenye waya unaochomoka kwenye kikombe hazihitaji kulehemiwa kabisa, waya mpya unatosha. Kwa zilizobaki, mteja aombe vitu vitatu kabla ya kutuma M-Pesa: pini ya zamani arudishiwe mkononi, namba za mita za kushoto na kulia zionyeshwe mbele yake, na muda ambao fundi ataifungua tena bure ikirudi.